Kontena limevuka Kasumbalesa, teknolojia bado iko njiani

Sura ya 34 ya Ajenda 21, ile hati ndefu iliyopitishwa Rio de Janeiro mwaka 1992, ina aya ambayo wasomaji wengi huipita haraka. Inasema kwamba teknolojia zisizodhuru mazingira si mitambo ya kuhesabiwa mmoja mmoja. Ni mifumo kamili inayobeba ujuzi, taratibu za kazi, bidhaa, huduma, vifaa, na namna ya kupanga na kusimamia. Zaidi ya miaka thelathini imepita, na hapa Lubumbashi bado tunahesabu mitambo: pano ngapi za sola zimeshuka, pampu ngapi zimefungwa, utepe ulikatwa siku gani na mbele ya waziri yupi. Kontena likishavuka mpaka wa Kasumbalesa, tunakopakana na Zambia, ripoti ya mfadhili inaandika kuwa teknolojia imehamishwa.

Naona kipimo kinatakiwa kiwe kingine. Kifaa kikizimika mwaka wa tatu, nani mjini hapa anakifungua, kwa zana gani, na kipuri kinatoka wapi? Mkataba usiojibu maswali hayo matatu kwa maandishi ni mkataba wa mauzo, hata ukitiwa sahihi mbele ya bendera kumi.

Lawama inayozoeleka zaidi ni ya hataza: kwamba nchi tajiri zimeifungia teknolojia safi ndani ya haki za uvumbuzi na ufunguo wanao wao. Kwa India au Brazil, zenye viwanda vinavyoweza kuiga na kutengeneza, hoja hiyo ina uzito. Kwa Kongo ni nyepesi. Nchi yetu ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu Januari 1997 na iko katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi. Kundi hilo limesamehewa kutekeleza sehemu kubwa ya TRIPS, mkataba wa shirika hilo kuhusu haki za uvumbuzi, hadi tarehe 1 Julai 2034. Tena vitu tunavyovihitaji zaidi si siri ya mtu. Gesi ya propani, inayoweza kupoza frigo, haina mwenyewe. Hataza za msingi za batri za lithiamu-chuma-fosfati, zile zinazoingia sasa kwa wingi kwenye maduka yetu ya sola, ziliisha muda karibu mwaka 2022. Sheria haijamzuia fundi wa mtaa wetu wa Katuba kufanya kitu. Kinachomzuia ni kukosa mizani ya gramu, pampu ya vakyumu (ya kunyonya hewa yote ndani ya mabomba) na mwongozo wa lugha anayoisoma.

Mkataba huohuo wa TRIPS una kifungu cha 66.2, kinachozitaka nchi zilizoendelea zizipe motisha kampuni na taasisi zao zihamishie teknolojia kwenye nchi kama yetu. Ni wajibu, si hisani, na tangu uamuzi wa Februari 2003 nchi hizo zinapeleka ripoti Geneva. Ukizifungua ripoti zenyewe unakuta semina, ufadhili wa masomo na miradi ya kila namna vimepangwa safu moja, na ni vigumu kujua kipi kilimfikia mtu mwenye bisibisi mkononi.

Upande wa tabianchi hadithi inafanana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi wa mwaka 1992 uliahidi katika kifungu cha 4.5 kwamba nchi tajiri zitawezesha na kugharamia uhamishaji wa teknolojia na ujuzi. Kwenye mkutano wa Cancun, mwaka 2010, ahadi hiyo ikapewa vyombo viwili: kamati ya sera, na kituo cha kutoa msaada wa kiufundi chenye makao Copenhagen, kinachojulikana kwa herufi CTCN. Mkataba wa Paris ukavithibitisha katika kifungu cha 10. Kituo cha Copenhagen hakigawi mitambo. Kinalipia wataalamu, tathmini, usanifu na mafunzo, hadi kiasi cha dola 250,000 kwa ombi moja, na ombi linapitia ofisi moja iliyoteuliwa na kila nchi.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo, maana mlango huu watu wetu hawaugongi vya kutosha. Ombi linaweza kuanzia kwa chuo, kwa mji, hata kwa chama cha mafundi, alimradi ofisi ya kitaifa ilitie sahihi. Linalokwamisha ni jinsi linavyoandikwa. Ombi lisemalo «tunahitaji nishati safi Haut-Katanga» litazunguka mezani mpaka lisahaulike. Ombi lenye nguvu linataja tatizo moja, linaeleza kilichokwisha kujaribiwa na kwa nini kilishindwa, linamtaja atakayekitumia kifaa na atakayekitunza baada ya wataalamu kuondoka, na linaonyesha fedha za hatua inayofuata zitatoka wapi. Kazi hiyo inaweza kufanywa na mhadhiri mmoja wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na mafundi watatu, wiki chache tu. Mpango wa taifa wa tabianchi uliorekebishwa mwaka 2021 unaahidi kupunguza hewa chafu kwa asilimia 21 ifikapo 2030, na kati ya hizo asilimia 19 zinategemea msaada wa nje. Nchi iliyoegemeza ahadi yake nje kiasi hicho ingetegemewa iwe bingwa wa kuandika maombi.

Sasa tushuke kutoka Geneva na Copenhagen hadi kwenye ukuta wa nyumba ya kawaida.

Mjini kwetu sola imeingia kwa sababu ya delestaji, huku kukatiwa umeme kwa zamu, wala si kwa sababu ya mikataba. SNEL, shirika la umeme la taifa, inakata umeme, mwenye duka ananunua pano mbili, batri, regulata ya kuongoza uchaji na konvertisa ya kugeuza umeme wa batri uendeshe frigo, anatafuta fundi, frigo inawaka. Baada ya siku chache konvertisa inaanza kupiga kelele kila frigo inapotaka kuanza, kisha inajizima. Mwenye duka anasema batri ni feki. Mara nyingi kosa liko kwenye waya.

Hesabu yake ni hii. Frigo ya wati 120 inavuta ampea 12 hivi kutoka kwenye batri ya volti 12, ukihesabu na kinachopotea ndani ya konvertisa. Lakini kompresa inapoanza, kwa sehemu ya sekunde, inaweza kuvuta mara tano ya hapo, yaani ampea 60. Fundi ameweka waya wa milimita 4 za mraba, mita 3 kutoka batri hadi konvertisa. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 6. Waya wa namna hiyo una ukinzani wa omu 0.026, na kwa ampea 60 unakula volti 1.6. Batri yenye volti 12.2 inaonekana kwa konvertisa kama volti 10.6, na konvertisa nyingi zimepangwa kujizima karibu na 10.5. Batri nzima, konvertisa nzima, frigo nzima, na kitu hakifanyi kazi. Weka waya wa milimita 25, au sogeza konvertisa ikae nusu mita kutoka kwenye batri, tatizo linaisha bila kununua batri mpya.

Hapo bado hatujagusa waya wenyewe. Sehemu ya waya unaouzwa kama shaba ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba halisi, na kwenye skrubu unalegea, unapata joto, unayeyusha plastiki. Kuujua si kazi: kwangua kwa kisu, ndani ni mweupe. Au pima. Mita 100 za waya wa shaba wa milimita 4 za mraba zina karibu kilo 3.6 za shaba, plastiki haijahesabiwa. Rola nyepesi mno kuliko hapo imeshajieleza yenyewe. Inachoma moyo kwamba haya yanatokea katika mji ambao malori yake yanapeleka bamba za shaba safi kusini usiku na mchana.

Batri nazo zina mtego wao. Batri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 200 imeandikwa kana kwamba inabeba saa-kilowati 2.4, ila ukiitaka iishi miaka usitumie zaidi ya nusu yake kwa siku. Watu wanaitumia hadi mwisho kwa sababu hawajaambiwa, na kabla mwaka wa pili haujafika imekufa. Ya lithiamu-chuma-fosfati inavumilia kutumiwa asilimia 80 na zaidi, kwa maelfu ya mizunguko, kwa hiyo ingawa ni ghali siku ya kununua, inatoka nafuu. Sharti ni regulata ipangwe upya. Regulata iliyobaki kwenye mpango wa batri ya risasi ina hatua ya kusawazisha inayopandisha volti hadi 15 au juu yake. Batri ya lithiamu ya seli nne inajaa kwenye volti 14.2 hadi 14.6, ikisukumwa zaidi, kidhibiti kilichomo ndani yake kinakata ili kujilinda. Mara batri inapojitenga, regulata inabaki haina cha kuegemea, na volti ya pano inaweza kuruka moja kwa moja hadi kwenye taa na redio. Vitu vinaungua mchana kweupe, na mtaa mzima unaambiwa sola ni utapeli. Dawa ilikuwa kubonyeza kitufe kuchagua aina ya batri. Kitufe kipo, maelezo yake yako kwenye karatasi ya Kichina na Kiingereza.

Karatasi hiyo ndiyo teknolojia ambayo haikuvuka mpaka. Bei ya pano imeshuka kwa karibu asilimia 90 tangu 2010, na China peke yake inashika zaidi ya asilimia 80 ya utengenezaji, hivyo kufikisha pano Lubumbashi si tatizo tena. Msaada unaolipia pano leo unalipia sehemu rahisi kuliko zote.

Kama kuna ushirikiano wa kimataifa uliofanya kazi kwelikweli, ni ule wa kulinda tabaka la ozoni, na sababu zake zinafaa kuchunguzwa na kila anayejadili teknolojia ya tabianchi. Itifaki ya Montreal ilitiwa sahihi mwaka 1987. Mfuko wake wa Pande Nyingi ulianza kazi 1991 na umeidhinisha zaidi ya dola bilioni 4. Vitu vilivyokuwa vikila ozoni vimeondolewa kwa karibu asilimia 99. Kamati inayouongoza mfuko ina wajumbe 14, saba kutoka nchi zinazochanga na saba kutoka nchi zinazoendelea, kwa hiyo hakuna upande unaopitisha peke yake. Mfuko unalipa tofauti ya gharama iliyokubaliwa: kama kiwanda kubadili gesi kunaongeza gharama kiasi fulani, ndicho kinacholipwa. Itifaki pia inazuia biashara ya gesi hizo na nchi zisizo wanachama, kwa hiyo kubaki nje kuna hasara. Na kila nchi inayoendelea inasaidiwa kuendesha ofisi ya ozoni na kufundisha mafundi wa frigo na maofisa wa forodha. Mkataba wa kimataifa uliokubali kwamba mafanikio yake yako mikononi mwa fundi wa frigo wa mtaani ni nadra.

Fundi huyo anafanya nini? Katika karakana nyingi, frigo iliyovuja inakatwa mrija, gesi iliyobaki inaachwa iende hewani, tundu linachomelewa, kisha gesi mpya inajazwa kwa kugusa bomba na kusikiliza baridi. R22, gesi ya kupoza ya mashine za zamani, ikiachiliwa namna hiyo ina nguvu ya kupasha dunia joto karibu mara 1,810 ya kaboni dayoksaidi kwa uzito uleule. R404A ya vyumba vya baridi vya samaki, karibu mara 3,900. Kilo moja ya R404A ikivuja ni sawa na tani karibu nne za kaboni dayoksaidi. Ukipita kwenye maghala yanayohifadhi samaki wa barafu waliosafiri mamia ya kilomita hadi hapa, fikiria ni kilo ngapi ziko kwenye mabomba yale.

Njia sahihi ina hatua ambazo hakuna iliyo ngumu, zote zinadai zana. Gesi ya zamani inanaswa kwenye mtungi. Wakati wa kuchomelea, naitrojeni inapitishwa taratibu ndani ya mrija ili masizi yasifanyike. Kichujio cha unyevu kinabadilishwa kila mfumo unapofunguliwa. Mfumo unajazwa naitrojeni kwa shinikizo na kuachwa, tuone kama sindano inashuka. Kisha pampu ya vakyumu inavuta hadi mikroni 500 hivi (kipimo cha hewa iliyobaki ndani), inafungwa, na fundi anangoja aone kama kipimo kinapanda. Mwisho gesi inaingizwa kwa uzito, kwa mizani.

Hatua inayorukwa zaidi ni ya vakyumu, kwa sababu pampu ni ghali. Mafundi wengi wanatumia kompresa kuukuu ya frigo iliyogeuzwa kuwa pampu. Inavuta hewa, lakini haifiki chini ya kutosha kuchemsha unyevu uutoke mfumo. Matokeo yake yana alama inayotambulika. Frigo inapoza vizuri saa kadhaa, halafu inaacha. Tone la maji limeganda kwenye mdomo wa mrija mwembamba na kuziba. Ukiizima usiku barafu inayeyuka, asubuhi inapoza tena, mchana inaacha. Mwenye frigo anadhani ni umeme. Fundi anaongeza gesi, jambo linaloharibu zaidi, na unyevu uliobaki ndani unachanganyika na mafuta, unafanya asidi, na kompresa inaungua.

Frigo mpya zinakuja na R600a, yaani isobutani, ambayo haidhuru ozoni na mchango wake kwa joto ni mdogo sana. Frigo ya nyumbani inabeba gramu 30 hadi 70 hivi, na kiwango cha kimataifa cha frigo za nyumbani kiliwekwa kisizidi gramu 150, kwa sababu gesi hiyo inawaka moto. Gramu 10 za ziada kwenye frigo ya gramu 40 ni robo nzima. Kwa mkono na sikio hupati usahihi huo. Na fundi aliyezoea kusogeza moto kwenye mrija kabla ya kuitoa gesi yote, siku moja atajua tofauti kwa njia mbaya. Vilevile wanaojaza propani kwenye mashine ya zamani iliyotengenezwa kwa R22, kwa vile inapoza vizuri na ni rahisi, wanaacha swichi na rele zinazotoa cheche karibu na gesi inayowaka na kutulia chini kwa uzito wake.

Kuna hatari ya tatu, ya mtungi wenyewe. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka kwenye bandari za nchi mbalimbali na kuua watu watatu, baada ya mifumo yake kutiwa gesi bandia iliyouzwa kama R134a huku ndani mna klorometani, inayoshambulia alumini ya kompresa. Rangi ya mtungi na karatasi yake havitoshi kukuhakikishia kilichomo. Kifaa cha kutambua gesi kinachokaa mkononi mwa ofisa wa forodha kinaweza kusaidia kunasa gesi isiyolingana na jina lake, na vifaa vya namna hiyo ni moja ya vitu ambavyo mfuko wa Montreal hulipia. Swali kwa mpaka wetu ni kama kipo, kama kimewekewa kichujio kipya, na kama anayekishika amefundishwa. Kifaa kilichofungiwa kabatini ofisini Kinshasa hakizuii mtungi Kasumbalesa.

Ratiba ya Itifaki ya Montreal haitungoji. Nchi zinazoendelea zimewekewa kupunguza gesi za kundi la HCFC, ambamo R22 imo, kwa asilimia 67.5 mwaka 2025 na kuziacha mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo hadi 2040. Marekebisho ya itifaki hiyo yaliyopitishwa Kigali mwaka 2016 yanafuata na kizazi cha R134a na R404A: kwa kundi la kwanza la nchi zinazoendelea, kusimamisha ongezeko mwaka 2024, kupunguza asilimia 10 mwaka 2029, hadi 80 mwaka 2045. Fundi anayejifunza leo kufanya kazi kwa gesi inayowaka atakuwa na kazi. Asiyejifunza atabaki na karakana ya gesi zinazopanda bei.

Hadi hapa nimemsema anayepokea. Lubumbashi pia ina cha kutoa, na hapo mazungumzo yetu yamekuwa dhaifu kuliko inavyostahili.

Chukua Terril, ule mlima mweusi ulio pembeni ya mji pamoja na bomba lake refu la moshi. Ni masazo ya uyeyushaji ulioanza 1911 chini ya Union Minière du Haut-Katanga. Ndani yake mna germanium, metali inayotumika kwenye nyaya za mwanga za mawasiliano, vioo vya kuona joto na seli za sola za satelaiti. Mwaka 2024 STL, kampuni tanzu ya Gécamines, shirika la madini la serikali, iliingia ushirikiano na Umicore ya Ubelgiji, na mwaka huohuo mzigo wa kwanza wa konsentreti ukasafirishwa. Umicore ndilo jina ambalo Union Minière ilijipa mwaka 2001. Kimazingira jambo lenyewe ni zuri: taka za karne nzima zinachakatwa, badala ya kuchimba shimo jipya. Kiteknolojia liangaliwe hatua kwa hatua. Kuyeyusha masazo kwa asidi na kutenganisha metali kunafanyika hapa. Kusafisha germanium hadi daraja la vifaa vya kielektroniki kunafanyika Ubelgiji. Thamani kubwa iko kwenye hatua hiyo ya mwisho. Sidai kiwanda cha usafishaji kijengwe kesho, mzigo wenyewe ni mdogo na soko ni jembamba. Ila wakemia wetu wangapi wako kwenye maabara ile ya Ulaya, na wanarudi na nini, ni jambo ambalo umma una haki ya kulisoma.

Kobalti ni hadithi kubwa zaidi ya aina hiyohiyo. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani. Utafiti wa BloombergNEF wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba kiwanda cha tani 10,000 za malighafi ya kathodi (ncha chanya ya batri) kingegharimu dola milioni 39 hapa nchini, theluthi moja ya gharama ya Marekani. Aprili 2022 Kongo na Zambia zikatia sahihi ushirikiano wa mnyororo wa batri, na kituo cha ubingwa wa utafiti wa batri kikazinduliwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Hotuba zilikuwa nyingi. Kilichosemwa kidogo ni kwamba malighafi hiyo inahitaji pia nikeli, ambayo sisi hatuichimbi kwa kiwango cha maana, na kwamba soko linahama: karibu nusu ya batri za magari ya umeme zilizouzwa duniani mwaka 2024 ni za lithiamu-chuma-fosfati, zisizo na hata chembe ya kobalti. Kituo cha ubingwa kisicho na laini ndogo ya majaribio, pale mwanafunzi anapochanganya kemikali, anabana seli na kuipima mizunguko 500, kitatoa vyeti tu.

Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti, na Oktoba ikaweka mgao. Ilikuwa silaha yenye nguvu, na ilielekezwa kwenye bei. Naamini sehemu yake ingeelekezwa kwenye ujuzi: kampuni inayotaka mgao mkubwa ilete vipimo vya maabara, nafasi za wahandisi wetu ndani ya usafishaji wake huko ng'ambo, na mafunzo ya kuchakata batri zilizokufa, ambazo zitatujaa kabla ya miaka kumi. Tayari batri za risasi zinapasuliwa nyuani, asidi inamwagwa mtaroni na risasi inayeyushwa kwenye sufuria karibu na watoto.

Tusijidanganye kwamba ukubwa wa mradi unasaidia. Laini ya umeme wa mkondo mnyoofu kutoka Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 kwa volti 500,000, ilipowashwa mwaka 1982 ilikuwa ndefu kuliko zote duniani. Ililetwa kwa ajili ya migodi. Vijiji vingi vilivyo chini yake viko gizani hadi leo, kwa sababu mkondo mnyoofu wa volti ile hauchomoleki njiani bila kituo cha kubadilisha umeme chenye gharama ya mamilioni. Teknolojia ilikuwa ya kisasa kabisa. Aliyeichagua hakuwaza mtu wa kijijini.

Kwa hiyo kwenye mikataba ijayo, iwe ya pano, pampu au vyumba vya baridi, mambo machache yaandikwe waziwazi. Mwongozo wa Kifaransa, na ukurasa wa Kiswahili wenye michoro ubandikwe ukutani. Sanduku la vipuri linunuliwe siku ileile: fyuzi, viunganishi vya pano, regulata moja ya akiba, feni ya konvertisa, kichujio. Mafundi wafundishwe INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, nao wawe ndio wanaofunga mtambo, badala ya kusimama pembeni wakiangalia wageni. OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, ipime waya kwa mizani na batri kwa mzigo pale mpakani, kabla lori halijaruhusiwa. Migodi inatakiwa kisheria, tangu Kanuni ya Madini ya 2018, kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Karakana moja ya frigo na sola yenye pampu ya kweli na mizani ya gramu inaingia humo bila mtu kuhisi.

Na asilimia 15 ya malipo ibaki benki hadi mwisho wa mwaka wa tatu. Sahihi ya kuzitoa iwe ya muuguzi mkuu wa kituo cha afya kinachotumia mtambo, pamoja na fundi anayeutunza, baada ya kupima volti za batri wakati frigo ya chanjo inawaka.